Silaha ya Kwanza ya Mtoto

Nimeombwa shauri na mtu wa nyumbani kwangu, nami nimeona kwamba jambo lenyewe lawahusu wazazi wengi. Basi naliandika hapa, lisibaki baina ya watu wawili.

Siku chache baada ya Idi alinijia ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, ambaye nimemzidi miaka minne. Tulipokwisha kunywa kahawa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka Maalim, shemeji yangu aliyeko Marekani anakuja kututembelea. Ameandika kwamba huko aliko, mtoto wa kiume akifika miaka 10 baba yake humpa bunduki ndogo na kumfundisha shabaha. Anauliza ni ipi itamfaa mpwa wake, na kama ataweza kuipata huku. Mtoto amekwisha kusikia, na sasa halali. Nimjibu nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe juma moja. Sababu ya kuomba muda huo nitaieleza, ingawa hainipendezi kuieleza.

Kwanza tuitazame bunduki yenyewe, maana watu wengi husema juu yake wasiijue. Bunduki ndogo wanayopewa watoto katika nchi hizo ni ile iitwayo "ishirini na mbili", kwa kuwa upana wa tundu la mtutu wake ni kama sehemu 22 katika sehemu 100 za inchi, yaani milimita 5.6 hivi. Risasi yake ni ya risasi laini, ndogo kama punje ya hindi, uzito wake hauzidi gramu tatu. Haina mshindo mkubwa wala haimpigi mtu bega, na ndiyo sababu huchaguliwa kwa mwanafunzi: mtoto haiogopi, basi hajizoezi kufumba macho wakati wa kufyatua.

Wale wanaojua kazi hii humchagulia mtoto bunduki inayoingia risasi moja tu kwa mara moja, ili kila risasi iwe na niyya yake, na ili mwalimu aweze kuhesabu. Huchagua yenye kitako kifupi, mtoto aweze kukiweka begani bila kujipinda nyuma, na nyepesi, asichoke mkono akaanza kuielekeza chini ovyo. Humfundisha siku nyingi bila risasi kabla ya kumpa risasi ya kwanza. Na kanuni zao ni chache: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi hata kama umeitazama sasa hivi, mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu usichotaka kukiua, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, nawe ujue kilicho nyuma ya shabaha yako.

Kanuni hizi ni njema, wala sisi Waislamu si wageni nazo. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) amekataza mtu asimwelekezee nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Na Jabir (R.A.) amepokea kwamba mtu mmoja alipita msikitini na mishale, akaamrishwa azishike ncha zake. Mtu yule hakuwa na nia mbaya, alikuwa akipita tu. Nami hupenda kuwasomesha watoto hadithi hiyo ya pili, maana yaonyesha kuwa madhara mengi ya silaha hutoka kwa watu wanaopita tu.

Walakini tusidanganyike na neno "ndogo". Risasi ile ya punje ya hindi huruka zaidi ya maili moja isipozuiwa. Ikipiga maji kwa ulalo haizami, hurukaruka kama kijiwe bapa watoto wanachokirusha ziwani. Ikipiga jiwe gumu hurudi au hupotoka upande usioujua. Sasa ewe mkazi wa Mwanza, nitajie mahali katika mji wetu ambapo mbele yako hapana ama maji, ama jiwe, ama nyumba ya mtu. Kuanzia Igogo mpaka Kirumba, kuanzia Mabatini mpaka Kitangiri, tumejenga juu ya majabali na baina ya majabali. Nyumba ya jirani iko chini ya miguu yako na ya mwingine iko juu ya kichwa chako. Ukielekea ziwani, kuna mitumbwi ya wavuvi. Wenye kufundisha watoto bunduki kwa uangalifu wana mashamba makubwa na ukuta wa udongo wa kuzuilia risasi, na sisi hatunavyo.

Na hata kwa hao wenye nafasi, ajali hutokea. Mwaka 2013 katika jimbo la Kentucky, Marekani, mtoto wa miaka mitano alimpiga dada yake wa miaka miwili kwa bunduki ya ishirini na mbili ambayo alikuwa amepewa zawadi, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Ilikuwa imewekwa pembeni mwa nyumba, wala wazazi hawakujua kwamba ilibaki na risasi ndani. Yule msichana alikufa. Sikuitaja habari hii ili kuwasema watu wa nchi ile. Naitaja kwa kuwa risasi iliyosahauliwa haina nchi.

Sheria yetu nayo iko wazi. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwenye bunduki sharti awe mtu mzima mwenye leseni, silaha yake iandikishwe polisi, naye aihifadhi mahali pa kufungwa. Mtoto hana nafasi katika sheria hiyo, na mzazi atakayemkabidhi mtoto bunduki amejitafutia jela. Hata kupiga ndege wa mwituni kwahitaji kibali. Basi kwa upande wa sheria swali la ndugu yangu lilikuwa limekwisha kabla hajalimaliza. Lakini mtoto asiyelala hutulizwi naye kwa kumsomea sheria.

Na hapa ndipo nilipohitaji lile juma moja.

Ndugu yangu huyu ana jicho moja. La kushoto lilipotea mwaka 1981, naye akiwa na umri wa miaka saba, nami ndiye niliyelipoteza.

Sisi tulikuwa watoto wa baada ya vita vya Kagera. Mwaka 1979 ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yake yakakosa yalikokusudiwa yakaua wanyama katika kisiwa cha Saanane, na baada ya hapo kila mvulana wa mtaani alikuwa askari. Bunduki zetu zilikuwa za mabua na miti, lakini manati zilikuwa za kweli. Panda ya mpera, mipira miwili iliyokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, na kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu. Mpira wa baiskeli ulikuwa adimu siku zile, na mimi nilikuwa nao, basi nilikuwa mkubwa wa kundi.

Tulikwenda kwenye majabali ya ufukweni kuwapiga mnandi, wale ndege weusi wanaokaa juu ya mawe wakianika mbawa zao. Hatukuwala. Tuliwapiga kwa kuwa walikuwa wamekaa. Nilivuta, nikaachia, nikamkosa ndege, kijiwe kikapiga jabali. Mdogo wangu alikuwa amesimama kushoto kwangu, hatua tano hivi, mahali ambapo kwa akili ya mtoto hapana hatari yoyote kwa sababu sikulenga huko. Nilisikia kwanza sauti ya jiwe kwenye jabali, kisha yake. Alipelekwa hospitali usiku ule, madaktari walifanya walichoweza, na jicho halikupona.

Mama mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakunipiga wala hakunitukana. Alinichukua mkono akanipeleka kitandani kwa mwanawe akaniambia, "Kaa naye." Nilikaa naye siku tisa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuoni, nilisomeshwa hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alimwona jamaa yake akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza jambo hilo, kwa kuwa kijiwe hakiui windo wala hakimshindi adui, ila hutoboa jicho na kuvunja jino. Sheikh alikuwa akiendelea na sherehe ya maneno, nami nilikuwa nimekwisha kuinama. Mtu angalidhani hadithi ile iliteremkia majabali ya Igogo.

Sasa, msomaji, yawezekana ukatazamia niseme: basi, mtoto asipewe kitu chochote. Nilifikiri hivyo siku mbili za kwanza za lile juma. Siku ya tatu nilimwona yule mtoto mwenyewe, mwana wa ndugu yangu, nyuma ya msikiti pamoja na wenzake, ana manati mkononi. Alinunua kwa pesa yake ya Idi. Aliponiona aliificha mgongoni akasema, "Shikamoo, baba mkubwa." Nikajua kwamba swali halikuwa mtoto apewe silaha au asipewe. Silaha alikuwa nayo tayari, ile mbaya kuliko zote, na hapana mtu mzima aliyekuwa pamoja naye.

Dini yetu haikukataza shabaha. Salama bin al-Akwa (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kupiga mishale, akawahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale, akasema yeye yu pamoja na kundi moja. Kundi la pili likaacha kupiga, maana watampigaje aliye na Mtume? Ndipo akawaambia wapige, naye yu pamoja nao wote. Tazama ule mchezo, na ile adabu. Tena Ibn Umar (R.A.) alijipeleka siku ya Uhud akiwa na miaka 14 akarudishwa, akaja siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 akakubaliwa. Kufundishwa ni jambo moja na kukabidhiwa ni jambo jingine, na baina yao kuna umri.

Na upinde si kitu kigeni kwetu. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi huwapa wavulana wao vipinde vidogo tangu umri wa miaka mitatu au minne, na mtoto hushinda na upinde wake kutwa. Hapa Usukumani upinde ni silaha ya mababu, na jeshi la jadi la Sungusungu, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, lilitembea kwa pinde na mishale. Basi nilimjibu ndugu yangu: mwandikie shemeji kuwa bunduki haiwezekani wala haifai, na manati ichukuliwe leo hii. Badala yake tutamchongea mtoto upinde, nasi tutasimama naye.

Nitaeleza namna ya kuuchagua, kwa kuwa wako watakaotaka kufanya hivyo.

Kosa la kwanza la wazazi ni kumpa mtoto upinde mkubwa "atakaoukulia". Upinde si kanzu. Mtoto asiyeuweza hujipinda, hutetemeka, huachia kabla ya kulenga, na mshale huenda uendako. Urefu wa upinde usipite kimo chake. Nguvu yake tuliipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki pale Mwaloni: ukautundika upinde kwenye ndoana, ukavuta uzi mpaka kiasi cha mkono wa mtoto, na mizani ikusomee. Kwa mtoto wa miaka 10 kilo tano mpaka saba zatosha. Kisha mpe auvute, ahesabu mpaka kumi bila kuuachia. Akitetemeka kabla ya kumi, chonga tena, punguza mti. Hapana haya katika kupunguza. Sisi tulipunguza mara mbili, na mtoto alinuna mara mbili.

Mti wetu ulikuwa mkole, ambao hupindika bila kuvunjika. Uzi wa mababu ulikuwa wa kano za ng'ombe. Sisi tulisokota nyuzi za nyavu, zikafaa, ila hunyumbuka, basi huna budi kuukaza tena kila siku ya mchezo. Mishale tulikata matete makavu ya ziwani, marefu kuliko mkono wa mtoto kwa shubiri moja, ili asije akauvuta mshale ukaingia nyuma ya upinde ukamchoma kiganja. Ncha hatukuweka chuma wala kuichonga. Tulichomeka kipande cha gunzi tukakifunga kwa kitambaa. Kila mshale huinamishwa kidogo na kusikilizwa kabla ya kutumiwa, kwa kuwa tete lenye ufa hupasuka wakati wa kuachia na kuingia mkononi. Kigasha cha mkono unaoshika upinde kifungwe ngozi, la sivyo uzi utamchapa mtoto, naye ataanza kuogopa. Na upinde usivutwe ukaachiwa bila mshale, maana nguvu isiyokuwa na pa kwenda huupasua.

Mahali ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyataja. Sikukubali tupige mtaani petu. Tulikwenda shambani kwa jamaa yetu upande wa Kisesa, kwenye kingo ya udongo iliyo juu kuliko mtu mzima, isiyo na jiwe hata moja. Mimi mwenyewe niliikagua kwa jembe. Shabaha ilikuwa gunia la pumba za mpunga. Tulichora mstari kwa jivu: wote nyuma ya mstari, anapiga mmoja, na hapana anayekwenda kuokota mpaka pinde zote zimewekwa chini. Mtoto wangu yeyote wa chuoni ajua kwamba neno "Simama" likisemwa na mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, kila mkono hushuka. Hatupigi mnyama, hatupigi ndege, hatupigi mti wa mtu. Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mtoto aliniuliza, "Na mnandi je, baba mkubwa?" Nikamwambia mnandi pia.

Lipo jambo jingine ambalo sikulijua mpaka siku ile. Kila mtu ana jicho moja lenye kutawala katika kulenga, na si lazima liwe upande wa mkono wake wa kulia. Humwambia mtoto anyooshe mkono, afunike kitu cha mbali kwa kidole gumba macho yote mawili yakiwa wazi, kisha afumbe moja moja. Jicho ambalo kidole hakihami nalo ndilo la kulengea. Nilikuwa nikimweleza mtoto haya, akijaribu hili na lile, na baba yake amesimama kando akitutazama. Akacheka, akasema, "Mimi hamna haja ya kunipima."

Kwa miaka zaidi ya 40 hatukuwahi kulisema jambo lile sisi kwa sisi. Nilimwambia, "Ndugu yangu, nisamehe." Alisema, "Kaka, nilikwisha kukusamehe zile siku tisa. Mpe mtoto mshale." Na mtoto alikuwa akitutazama, hajui tunasema nini. Jioni ile baba yake alimsimulia yote, nami nipo.

Dada yake, wa miaka minane, alikuja nasi siku ya pili kwa ajili ya kuokota mishale, akaomba apige. Wako watakaoniuliza juu ya hilo. Niliona mkono wake umetulia kuliko wa kaka yake, basi nilimpa, na tangu siku hiyo gunia ndilo linalojuta. Kaka yake amekubali kwa shida.

Sasa tunakwenda kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, watoto sita, watu wazima wawili, wala hatuzidishi idadi. Pinde hulegezwa nyuzi na kurudishwa nyumbani kwangu, hutundikwa juu ya mlango, na hapana mtoto anayeushika upinde wake siku nyingine. Manati tano zimeletwa kwangu, mbili kati yake na watoto nisiowajua.

Shemeji alikuja kutoka Marekani kama alivyoahidi. Hakukasirika kwa majibu yetu. Mzigoni mwake alikuwa na miwani sita ya kukinga macho, ya plastiki ngumu, wanayovaa huko watu wanaolenga shabaha. Watoto waliivaa siku ya kwanza wakachekana sana, na ndugu yangu aliomba aijaribu naye, akaisahau usoni mpaka tulipofika nyumbani.